Usifomati Kwanza: Majibu kwa Maneno ya Vijiweni Kuhusu Diski Iliyogoma Kufunguka

Ujumbe wenyewe ni mfupi. Windows inasema diski iliyo kwenye drive E inatakiwa kufomatiwa ndipo itumike, halafu inakupa vitufe viwili: fomati, au ghairi. Kabla hujaamua, ushauri umekwisha kumiminika. Jirani wa steshenari ana lake, kijana wa mtaani anayepiga windo ana lake, shemeji aliyesomea IT ana lake, na kila mmoja anaapa kwamba kwake lilifanya kazi. Mengi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Lakini katika matukio mengi niliyoyaona, data hazikupotea pale partisheni ilipogoma kufunguka. Zilipotea baadaye, mtu alipokuwa anahangaika kuzirudisha. Basi tuyachukue maneno hayo moja moja.

“Ikisema RAW, data zimekwenda.”

Hazijakwenda, angalau si kwa sababu hiyo. RAW ni neno la Windows la kukiri kwamba imeikuta partisheni lakini haiutambui mfumo wake wa mafaili. Haijasema ndani hamna kitu. Imesema haikuelewa ilichokisoma mlangoni. Kwenye diski za mtindo wa zamani, ule unaoitwa MBR, orodha ya partisheni zote inakaa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512, na katika hizo orodha yenyewe imepewa baiti 64 tu: nafasi nne, baiti 16 kila moja. Zikivurugika hizo 64, diski ya terabaiti nzima inaonekana tupu. Ukiingia kwenye partisheni unakuta sekta yake ya mwanzo, inayosema kama huu ni mfumo wa NTFS, FAT32 au exFAT. Mbele yake kuna jedwali la mafaili, ambalo kwenye NTFS linaitwa MFT, linaloandika jina la kila faili, ukubwa wake na mahali lilipo. Mafaili yenyewe, isipokuwa yale madogo mno, yako kwingine kabisa. Ni kama ghala ambalo daftari la mtunza stoo limelowa maji: magunia hayajatoka, ila hakuna anayejua lipi ni la nani na liko safu gani.

Na waliobuni mifumo hii hawakuwa wajinga, waliacha nakala. NTFS huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo mwishoni mwa partisheni, na nakala nyingine ya rekodi nne za kwanza za MFT. FAT32 kwa kawaida huiweka ya kwake kwenye sekta namba 6, na jedwali lake la FAT huwa mara mbili. GPT, uliochukua nafasi ya MBR, una orodha ya pili mwishoni mwa diski. TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, kazi yake kubwa ni kuzitafuta nakala hizo na kukuonyesha yaliyomo, majina na folda zikiwa vile vile, uyanakili kwenda diski nyingine.

Mara nyingine hakuna hata kilichoharibika. Fungua programu ya Windows ya kusimamia diski uangalie kabla ya kulia. Partisheni ipo na ukubwa wake sahihi ila haina herufi? Ipe herufi. Inasema huna ruhusa? Mara nyingi hiyo ni diski iliyotoka kwenye kompyuta nyingine. Kinachotakiwa ni kubadilisha umiliki wa folda. Diski inaonyesha ukubwa wa sifuri, au haionekani kabisa? Badilisha waya na tundu la USB kwanza, kisha uwaze ubovu wa vifaa. Kuna jambo moja ambalo huwachanganya hata mafundi: baadhi ya makasha ya diski za nje huiambia kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4096 wakati diski ndani ina za 512. Mtu anaichomoa diski kwenye kasha, anaichomeka moja kwa moja, na orodha ya partisheni inasomwa kwa kipimo kisicho chake. Irudishe kwenye kasha lake na kila kitu kipo.

“Fomati kwanza ifunguke, halafu programu itarudisha.”

Hili linanikera kuliko yote, kwa kuwa lina nusu ya ukweli. Fomati ya haraka, ile ambayo Windows imekuwekea tiki tayari, haipiti diski nzima. Inaandika mfumo mpya wa mafaili juu ya ule wa zamani, basi. Ndiyo maana wapo waliofomati, wakaendesha programu, wakapata picha zao, na leo ni mashahidi. Wasichokisimulia ni walichokikosa. Kwenye kadi ya kamera yenye FAT32, fomati ya haraka inasafisha majedwali yote mawili ya FAT pamoja na folda kuu. Jedwali hilo ndilo lililokuwa linasema kipande hiki cha faili kinafuatiwa na kipi. Picha iliyoandikwa mfululizo itapatikana. Video ndefu ya harusi iliyokatikakatika, kipande hapa na kingine kule, itarudi imeganda katikati ya ukumbi, maharusi wakiwa bado hawajafika mezani. Kwenye NTFS, MFT mpya ikiangukia palipokuwa na ya zamani inazila rekodi za mwanzo.

Ukiiondoa ile tiki, mambo yanabadilika kabisa. Tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri partisheni nzima. Windows XP ilikuwa inakagua sekta mbovu tu, haifuti. Naona ushauri huu umerithiwa kutoka enzi zile. Mfumo umebadilika, ushauri umebaki.

Halafu jiulize fomati imeongeza nini. Programu ya kurudisha data haihitaji partisheni ifunguke. Inasoma diski sekta kwa sekta, iwe Windows inaielewa au haiielewi. PhotoRec, ndugu yake TestDisk, haijali hata mfumo wa mafaili ni upi. Inatafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo: JPEG huanza na baiti FF D8 FF, PDF huanza na alama ya asilimia na herufi PDF, na faili la Word la docx huanza na PK kwa sababu kwa ndani ni zipu. Gharama yake ni kwamba majina na folda hupotea, na unabaki na maelfu ya mafaili yenye namba. Kwa hiyo TestDisk hutangulia, na PhotoRec hufuata pale jedwali liliposhindikana kabisa. Fomati haimo katika mpangilio huo.

Vivyo hivyo kwa ule ujumbe mwingine unaokutaka uianzishe diski upya na kuchagua MBR au GPT. Ukikubali, sekta chache za mwanzo zinaandikwa upya, na kwa GPT za mwisho pia. Siku hizi partisheni ya kwanza kwa kawaida huanzia sekta ya 2048, kwa hiyo mara nyingi hujaua kitu. Bado hujapata faida yoyote. Ghairi.

“Piga chkdsk, itatengeneza.”

Kama partisheni kweli ni RAW, chkdsk yenyewe itasema haifanyi kazi kwenye drive za RAW, na hapo umeponea. Hatari ni pale inapokubali. Kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili uwe na uwiano, rekodi isigongane na rekodi. Haikuundwa kuokoa tasnifu yako. Rekodi isiyoeleweka inaiondoa. Kipande kisicho na mwenyewe inakitupa kwenye folda ya FOUND.000 kwa jina la FILE0000.CHK, na kuanzia hapo ni juu yako kukisia kilikuwa nini. Umeme umekatika kompyuta ikiwa kazini, diski yenyewe ni nzima, na nakala ya data unayo pengine? Chkdsk ni dawa nzuri. Pasipo nakala ni kamari.

Na kwenye diski inayokufa ni kamari mbaya zaidi. Diski inayotoa sauti ya kugongagonga, au inayochukua dakika nzima kufungua folda, ina idadi ndogo ya usomaji iliyobaki nayo. Chkdsk inaitumia kurudia rudia sekta zile zile mbovu. Hapa kinachotangulia ni nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Uzuri wake ni mpangilio: inasoma kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaziruka zinazokwama, kisha inazirudia baadaye. Yote inayaandika kwenye faili la ramani, kwa hiyo umeme ukikatika katikati inaendelea ilipoishia. Amri ni kama hii: ddrescue -d /dev/sdb picha.img ramani.map. Hakikisha kwa lsblk kwamba sdb ndiyo diski mgonjwa, maana amri hii haiulizi mara mbili. Baada ya hapo TestDisk, PhotoRec, hata hiyo chkdsk, viendeshe kwenye nakala upendavyo. Ukikosea unanakili tena.

Wapo watakaosema hawana diski ya pili. Nawaelewa, diski ni pesa. Basi izime ile mbovu na uiweke kando mpaka ipatikane. Diski iliyozimwa haizidi kuharibika kama inayozunguka.

“Piga windo upya, drive D haiguswi.”

Sawa, haiguswi, fundi akichagua partisheni ya C peke yake. Wangapi hufuta partisheni zote ili wapate nafasi moja safi? Na hata akiwa mwangalifu, waulize wenye kompyuta mafaili yao yako wapi. Kwenye Desktop, watakujibu. Desktop, Documents na Downloads zote kwa kawaida ziko C, ndani ya folda ya Users. Windo ikipigwa bila kufomati C, mafaili ya zamani hukusanywa kwenye folda ya Windows.old, na kwenye masasisho ya kawaida folda hiyo hufutwa baada ya siku 10. Mwenye kompyuta mara nyingi hujua baada ya mwezi.

Kompyuta ikigoma kuwaka, usipige kitu. Iwashe kwa flashi yenye Linux bila kuisakinisha, nakili mafaili kwenda nje, ndipo fundi aanze kazi. Linux ikilalamika kwamba partisheni ya Windows imelala, sababu ni ule uwashaji wa haraka ulioingia na Windows 8: ukizima kompyuta, haizimi kabisa. Ifungue kwa kusoma tu. Kwa kunakili hiyo inatosha.

“Mafaili yote yamegeuka shotikati, kirusi kimeyala.”

Kirusi hakijala kitu, kimeficha. Flashi imepita kwenye kompyuta ya steshenari kuprinti barua ya maombi ya kazi, imerudi na shotikati tupu. Angalia nafasi iliyotumika: kama flashi bado inaonyesha gigabaiti saba zimejaa, mafaili yamo humo. Kirusi kimeyabandika sifa ya kufichwa na ya mfumo, na aina nyingine huyakusanya yote ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu isiyoonekana. Fungua dirisha la amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiibadilisha E kwa herufi ya flashi yako, ufute shotikati bila kuzibofya. Nimeona watu wakilipia huduma ya kurudisha data kwa hili, na fundi akikaa na flashi siku mbili ili ionekane kazi ilikuwa ngumu.

“SSD ni hadi diski yenye kasi tu.”

Kwa kuitumia, ndiyo. Kwa kurudisha data, hapana, na ni vyema ulijue hili sasa kabla hujapatwa. Kwenye hadi diski ya kuzunguka, faili lililofutwa hukaa palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. SSD hupewa taarifa. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, faili likifutwa mfumo hutuma amri iitwayo TRIM, kuiambia SSD kwamba eneo hili halihitajiki tena. SSD nyingi baada ya hapo hujibu kwa sifuri ukisoma eneo hilo, na kwa wakati wake husafisha chembe zenyewe. Fomati ya haraka kwenye SSD hutuma TRIM kwa partisheni nzima. Ule ushauri wa kufomati kwanza, ambao kwenye hadi diski ulikuwa uzembe, hapa unafuta kila kitu.

Lakini sikiliza upande wa pili, maana siku hizi wapo wanaokata tamaa mapema: “ni SSD, haiwezekani.” TRIM hutumwa kwa kufuta na kwa kufomati. Orodha ya partisheni ikivurugika peke yake, hakuna aliyeiambia SSD iachilie chochote. SSD inayosema RAW na ambayo hakuna aliyeigusa inaweza kurudi kwa TestDisk kama diski nyingine yoyote. Flashi nyingi za USB nazo hazitumii TRIM kabisa.

“Fundi mzuri anafungua diski yoyote.”

Mwulize kuhusu BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski. Laptopu nyingi mpya zinakuja na usimbaji umeshawashwa, na Windows 11 toleo la 24H2 la mwaka 2024 limepanua jambo hilo zaidi: mwenye kompyuta anaingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, diski inasimbwa kimya kimya, na ufunguo wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Fundi anabadilisha motherboard au anasasisha BIOS, kesho yake kompyuta inaomba tarakimu ambazo mwenyewe hajawahi kuzisikia. Pasipo ufunguo hakuna ufundi utakaosaidia, wa Kariakoo wala wa Dubai. Na mwanzo wa partisheni ukiharibika, ipo zana ya Windows iitwayo repair-bde ya kuokoa kilichosalia, nayo pia inadai ufunguo. Tatizo kubwa nililokutana nalo hapa ni akaunti iliyofunguliwa na muuzaji dukani, kwa barua pepe yake, siku laptopu ilipouzwa. Ufunguo upo. Uko kwa mtu ambaye jina lake hulikumbuki.

“Ifunge kwenye mfuko, itie kwenye friza.”

Ilikuwa na mantiki kidogo kwa diski za zamani zilizonasa. Kichwa cha kusomea cha diski ya leo huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, sahani ikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Itoe kwenye friza uilete kwenye joto na unyevu wa Tanga au Mombasa, matone yatakayotokea ni makubwa kuliko nafasi hiyo maelfu ya mara. Hapana.

“Maabara za Ulaya zinarudisha hata kilichoandikiwa juu.”

Chanzo cha hili ni andiko la Peter Gutmann la mwaka 1996, lililopendekeza kuandika juu ya data mara 35 ili zisisomeke tena. Alikuwa anazungumzia teknolojia za diski za wakati ule na za kabla yake, na mwenyewe baadaye aliwashangaa wanaoifuata namba hiyo kama ibada. Kwenye diski ya leo, sekta iliyoandikiwa juu mara moja imekwisha.

Kinachoweza kurudi ni kile ambacho hakijaandikiwa juu, hata kama diski yenyewe imeungua. Chombo cha anga Columbia kilisambaratika Februari 2003 kikirejea duniani. Diski moja ya Seagate iliyokuwa na data za jaribio la gesi ya zenoni ilipatikana kwenye mabaki ikiwa imeyeyuka kwa nje, na kampuni ya Kroll Ontrack ikatoa takriban asilimia 99 ya data zake. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008. Sahani za ndani zilikuwa zimenusurika, na kompyuta ya jaribio ilitumia DOS, data zikiwa zimeandikwa kwa mfululizo badala ya kutawanyika. Diski iliyoanguka kutoka angani imerudi. Ya mtu aliyehifadhi filamu mbili juu ya partisheni iliyopotea hairudi.

“Za bure ni za watoto, tafuta ya kulipia iliyovunjwa.”

Programu za kulipia zipo nzuri, na baadhi zinapanga matokeo vizuri kuliko PhotoRec. Iliyovunjwa ni jambo lingine: unaiachia programu usiyomjua mwandishi wake isome kila sekta ya diski yenye hati zako za kiwanja. Na yoyote utakayoichagua, usiisakinishe kwenye diski unayotaka kuiokoa, wala usihifadhi kilichopatikana humo humo. Inashangaza wangapi hufanya hivyo.

“Nilinunua flashi ya terabaiti mbili kwa bei ya kutupa, sasa mafaili hayafunguki.”

Hayakuwahi kuwemo. Chipu ya flashi hiyo imechezewa idanganye ukubwa wake. Ukipita kiwango halisi, kinachoandikwa kinatupwa au kinaandikwa juu ya cha mwanzo, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana kwenye folda. Hakuna programu ya kurudisha kisichowahi kuandikwa. Ukinunua flashi, ijaribu siku hiyo hiyo kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Zote huijaza kisha huisoma upya kuthibitisha. Inachukua muda. Dukani watakuona mkorofi.

“Data zimerudi, kwa hiyo diski iko fiti.”

Inategemea kilichoiangusha. Kama ni umeme au kirusi, ifomati kwa ukamilifu uendelee nayo. Kama zilikuwa sekta mbovu, isome kwanza kwa CrystalDiskInfo au smartctl. Tazama namba 05, sekta zilizohamishwa, na C5, zinazosubiri kuhamishwa. Ya C5 ikiwa sifuri na ya 05 haipandi kwa wiki kadhaa, itumie kwa filamu. Zikipanda, ifungue utoe zile sumaku za ndani. Zina nguvu ajabu, na zinashika bisibisi ukutani vizuri sana.